Vedeti anaweza kupata heshima ya mupigaji gitare?



Tangu mwanzo wa trimestri hii, swali moja linazunguka kati yetu kupita maswali yote ya mitihani. Komite ya wanafunzi inapashwa kuchagua watu watano wa kundi la gitare. Hao watano njo watakaosindikiza korale siku ya sikukuu ya kufunga mwaka, tena watawafundisha wadogo kila siku ya posho. Katika majina yaliyoletwa, liko jina la ndugu mumoja wa darasa linalotufuata ambaye Katuba nzima inamujua. Anaimba kwenye ndoa, video zake zinapita katika telefone za watu, na wanafunzi wa masomo mengine wanauliza habari zake. Mara moja wengine walipiga kelele: "Ule hapana mupiga gitare, ule ni vedeti tu! Gitare anabeba juu ya foto!" Wengine wakajibu: "Bantu bote banamupenda, munamukatalia nini?"

Jina lake sitaliandika. Mutu hahukumiwi katika gazeti, tena kazi ya doyen si kupandisha huyu na kushusha yule. Lakini swali lenyewe ni la watu wote, na nimeona wengi wetu tunalijibu kwa hasira ao kwa mapendeleo, bila kufikiri. Swali ni hili: mutu ambaye sifa zake zimetoka katika nyimbo za kufurahisha watu, katika sura, nguo na sauti tamu, anaweza kupata heshima ya kweli kama mupigaji gitare? Jibu langu ni ndiyo, anaweza. Lakini heshima hiyo hailetwi na makofi. Sisi hatuna ruhusa ya kumupa bure, na hatuna ruhusa ya kumunyima bure.

SIFA SI HESHIMA

Tutenganishe kwanza maneno mawili. Sifa zinatoka kwa watu mingi, tena zinaweza kuja kwa siku moja. Heshima ya kazi inatoka kwa wale wanaojua kazi, na inakuja polepole. Nyumba ikimalizika kujengwa, mupita njia anasifu rangi ya ukuta. Fundi mwenzake anaangalia pembe na musingi, kiisha anasema "huyu anajua," ao ananyamaza tu. Neno la fundi mwenzake njo heshima.

Vedeti ni mutu aliyepata sifa. Haimaanishi kwamba amekosa heshima. Wanaopiga kelele wanafikiri vitu hivi viwili ni sawa kiti kimoja, kwamba kimoja kikikaa, kingine kinasimama. Na wanaomutetea nao wanakosea kwa upande wa pili: wanafikiri kwamba kwa kuwa watu mia tano walipiga makofi kwenye ndoa, basi kazi ya vidole imekwisha kuhakikishwa. Makofi ya ndoa yanapigwa kwa bibi arusi, kwa chakula, kwa furaha ya jamaa. Gitare inapata sehemu yake tu.

TUANZE KWETU

Wengi wanapozungumza juu ya gitare wanataja majina ya mbali. Tuanze hapa Katanga. Mwenda Jean Bosco, aliyeitwa vilevile Mwenda wa Bayeke, alizaliwa mwaka 1930 kule Bunkeya. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mutu aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kukamata sauti, alimukuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akakamata nyimbo zake. Mumoja wa nyimbo hizo ni "Masanga". Diski zikatoka na alama ya Gallotone, zikavuka mipaka, zikafika mpaka Afrika ya mashariki. Katika miaka michache Mwenda alikuwa vedeti, bila telefone na bila video.

Sasa muangalie namna alivyopiga. Gitare kavu, bila umeme. Kidole gumba cha mukono wa kuume kinatembeza sauti nene za chini, na kidole cha pili kinaimba juu yake. Kila kidole kina njia yake, lakini vinakutana pale panapofaa. Mutu asiyemuona anaweza kuapa kwamba wako watu wawili. Wazee wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Mwenda alitumia viwili, na nchi mingi zikasimama kusikiliza.

Nani walimupa heshima? Si wachezaji wa dansi peke yao. David Rycroft, mwalimu wa chuo kikuu kule London, alikaa akasikiliza diski zile, akaandika noti zake moja moja, na kazi hiyo ilitokea katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962. Mwaka 1969 Mwenda aliitwa Marekani, kwenye tamasha la Newport. Mwaka 1979 Muingereza mumoja, John Low, yeye mwenyewe mupigaji gitare, alifunga safari mpaka huku kwetu, wakati ule ikiitwa Shaba, kusudi ajifunze kwa Mwenda, kwa Edouard Masengo na kwa Losta Abelo. Kiisha akaandika kitabu juu ya safari ile. Watu hawa hawakufuata nguo za Mwenda wala sura yake. Walifuata vidole. Mwenda alikufa katika ajali ya motokari kule Zambia mwaka 1990, na mpaka leo mutu anayetaka kujua gitare ya Katanga anapashwa kupitia kwake.

Basi Mwenda alikuwa nani, vedeti ao mupigaji? Alikuwa vyote viwili. Na hakuna mutu mwenye akili anayesema kwamba sifa ziliharibu vidole vyake.

DAWA, SODA NA GITARE

Wako wanaosema: "Sawa, lakini Mwenda alikuwa musanii safi, hakujiuza." Hapa njo pale wasafi wa muziki wanapashwa kusikiliza vizuri. Mwisho wa miaka ya 1950 Mwenda alikwenda Nairobi, na huko alikuwa na kipindi cha radio kilicholipwa na Aspro, dawa ya kuumwa kichwa. Edouard Masengo, ndugu yake wa jamaa, ambaye watu wa muji wetu walimujua pamoja na Jecoke, vijana wa komini ya Kenia, naye alifika Nairobi, na aliimba kwa publisite ya Coca-Cola. Ndiyo, ndugu zangu: wakubwa wa gitare yetu kavu waliuza dawa na soda. Na vijana wa Kenya waliokuwa wakisikiliza radio hawakukumbuka dawa peke yake. Walichukua gitare wakajaribu kufuata vidole, na wengine wakawa wapigaji wazuri.

Kama munafikiri ni jambo la Afrika tu, tuvuke bahari. Blues ni muziki wa watu weusi wa kusini ya Marekani, wajukuu wa watumwa. Umbo lake la kawaida ni fupi: mizani 12 na akorde tatu. Mwanafunzi anayejua akorde tatu za korale anaweza kulijua umbo hilo kwa juma moja. Lakini kuvuta kamba mpaka sauti ilie sawa mutu, na kujua mahali pa kunyamaza, ni kazi ya maisha yote. Mukubwa wa kazi hiyo alikuwa B.B. King, aliyezaliwa Mississippi mwaka 1925 na kulelewa katika mashamba ya pamba. Alianzaje kujulikana? Kwa radio WDIA ya muji wa Memphis, mwisho wa miaka ya 1940, akiimba publisite ya dawa ya nguvu iliyoitwa Pepticon! Dawa ya kichwa Nairobi, dawa ya nguvu Memphis. Nani atasimama leo kusema B.B. King hakuwa mupigaji wa blues kwa sababu aliuza chupa za dawa?

Tena wimbo wake uliojulikana kupita zote, "The Thrill Is Gone", uliotoka mwisho wa mwaka 1969, ulipambwa na vinanda vya orkestra kubwa na ukaingia katika orodha ya nyimbo za pop. Mwaka 1974 alifika hapa kwetu, Kinshasa, mwezi wa tisa, kwenye tamasha kubwa lililotengenezwa kwa ajili ya pigano la Muhammad Ali na George Foreman. Kwa tamasha lile lile walipiga James Brown, Franco na Tabu Ley. Watu wa blues na watu wa dansi walipanda kwenye jukwaa moja. Hakuna aliyeweka ukuta katikati.

Na Franco mwenyewe? Alikuwa mukubwa wa OK Jazz, mutungaji, mwimbaji, vedeti wa inchi nzima mpaka kifo chake mwaka 1989. Wazee wanaweza kubishana usiku muzima kama Docteur Nico alimupita kwa gitare, lakini hakuna anayesema Franco hakuwa mupigaji kwa sababu alipendwa mno.

MUTU WA POP ALIYETAKA BLUES

Lakini nisidanganye. Hao niliowataja walianza na kazi ya vidole, sifa zikafuata. Swali gumu ni la mutu aliyepitia mulango mwingine: kwanza akapendwa kama mwimbaji, kiisha akataka wapigaji wamuheshimu. Wa kulijibu swali hilo vizuri ni Mumarekani John Mayer, aliyezaliwa mwaka 1977. Diski yake Room for Squares ya mwaka 2001 ilimufanya vedeti wa vijana, na mwaka 2003 alipata zawadi ya Grammy ya mwimbaji mwanaume wa pop kwa wimbo mutamu wa mapenzi. Watu walimuona kijana wa sura nzuri na sauti ya asali. Wachache tu walijua kwamba tangu utoto alikuwa amejifungia na diski za Stevie Ray Vaughan, mupigaji mukubwa wa blues wa Texas.

Alifanya nini kusudi aheshimiwe? Hakuandika barua ya kulalamika. Mwaka 2005 alifanya kundi la watu watatu tu: yeye na gitare, Pino Palladino na gitare ya besi, Steve Jordan na ngoma. Katika kundi la watu watatu hakuna pa kujificha. Vidole vikikosea, kila mutu anasikia. Walitoa diski iliyokamatwa mbele ya watu, si katika chumba ambamo kosa linaweza kufutwa. Mwaka ule ule B.B. King alifikisha miaka 80, akatoa diski pamoja na wageni, na Mayer alikuwa mumoja wao. Buddy Guy, mukubwa mwingine wa blues, naye alimuita katika diski yake ya mwaka 2005. Kumbe mafundi walimufungulia mulango. Tangu mwaka 2015 alipiga gitare katika kundi la Dead & Company, akichukua nafasi ya mupigaji aliyekufa zamani, mbele ya watu waliomupenda yule marehemu sawa baba yao. Ilimubidi ajifunze nyimbo mingi za watu wengine, tena katika kundi ambamo hakuwa yeye peke yake wa kuimba.

Mimi ninaona hapo mambo matatu. Alijiweka mahali ambapo kosa linasikika. Alikubali kukaa chini ya wakubwa. Alikubali kupiga nyimbo za wengine. Njo namna vedeti anavyopata heshima, na sijaona njia nyingine.

NENO LA MATESO

Sasa nijibu neno moja lenye nguvu, ambalo ndugu yetu mumoja wa korale aliniambia: "Blues ni kilio cha watu walioteswa. Tajiri ao mutu wa kupendwa na wote anaweza kulia nini?" Ni neno la kweli nusu. Blues ilitoka katika mateso ya watu weusi, na mutu anayeipiga bila kujua ilipotoka, bila kutaja majina ya waliomufundisha, ni mwizi hata kama vidole vyake ni vyepesi. Mweupe tajiri wa Marekani anaweza kuipiga vizuri, lakini haitakuwa mali yake. Ni deni, na deni linalipwa kwa kutaja jina. John Low alipotoka kwetu alitaja Mwenda, Masengo na Abelo. Alifanya vema. Na sisi wenyewe wa Katuba, ni wangapi wanaoweza kutaja majina hayo matatu? Tunacheka vedeti kwamba hajui musingi, na sisi musingi tumeusahau.

Lakini nusu ya pili ya neno lile si kweli. Mateso hayafundishi akorde. Kama mateso yangetosha, Katuba ingekuwa na wapigaji kupita miji yote ya dunia. Mateso yanampa mutu neno la kusema. Mazoezi yanampa namna ya kulisema. Tena nani amekupa mizani ya kupima mateso ya mwenzako? Yule anayecheka kwenye video, unajua namna analala kwao?

TAHADHARI YA WIVU

Katika masomo ya dini tunasoma habari za Saulo na Daudi. Daudi aliletwa kwa mufalme kwa sababu alijua kupiga kinubi. Sifa za wanawake njiani zilikuja nyuma, na hapo njo Saulo alianza kumuangalia kwa jicho baya. Vidole vya Daudi havikubadilika siku ile. Moyo wa Saulo njo ulibadilika. Kila mumoja wetu ajiulize: ninamukatalia huyu ndugu kwa sababu hajui gitare, ao kwa sababu anajulikana?

Lakini kuna upande mwingine ambao wapenzi wake hawautazami. Kati yetu yuko dada mumoja ambaye tangu miaka mitatu anakuja kwa kila repetisio, anakaa nyuma, anarudia akorde mpaka vidole vinauma. Hana video. Hakuna anayepiga kelele jina lake. Kama tukimupa vedeti nafasi kwa sababu ya makofi tu, ni nani tutamutoa? Tutamutoa huyo. Njo maana sikubali neno la "bantu bote banamupenda". Upendo wa watu ni zawadi nzuri, lakini si cheti. Na wadogo wetu watajifunza nini siku ile? Watajifunza kwamba kazi ya miaka mitatu ni bure, kutafuta foto ni bora.

NINALOPENDEKEZA

Ninaleta kwa komite, na kwa Baba Prefe na walimu wetu kama wakikubali, njia hii ya kuchagua:

Kwanza, kila mutu aliyeleta jina apige nyuma ya pazia. Darasa liwe kimya, gitare iwe moja kwa wote, gitare kavu, bila bafle. Wanaohukumu wasikie vidole tu, wasijue ni nani. Kwa muji wetu hii ni haki, maana umeme ukikatika katikati ya ibada, kinachobaki ni vidole na kamba. Kama muziki wako unakufa pamoja na umeme, bado hujafika.

Pili, kila mumoja amusindikize mwimbaji mudogo ambaye hajui vizuri kushika mwendo. Hapo tutajua kama mutu anasikiliza wengine ao anajisikiliza mwenyewe. Kupiga solo ukiwa peke yako ni rahisi kupita kumubeba mutoto anayepotea katika wimbo. Mupigaji mwenye heshima ni yule anayemufanya mwimbaji aonekane mwema.

Tatu, watakaochaguliwa wafundishe wadogo posho nne mufululizo. Anayekosa mbili bila sababu ya kweli nafasi yake inapewa mwingine, hata kama ndoa ya mukubwa gani ilimuita kuimba. Na wimbo wa kwanza wa kufundishwa uwe katika namna ya zamani ya Katanga, kidole gumba na kidole cha pili, kusudi wadogo wajue kwamba kitu hiki hakikuanza katika telefone.

Kama ndugu yetu vedeti akipita majaribu hayo matatu, basi akae katika kundi, na mutu asimuite tena "wa foto". Akishindwa, aendelee kuimba kwa ndoa. Si aibu, ni kazi nzuri inayofurahisha watu, na mwaka ujao ajaribu tena. Na yule dada wa nyuma akipita, tumupigie makofi tuliyomunyima miaka mitatu.

Ninajua wengine hawatakubaliana nami, zaidi wale wa korale wanaoona gitare ya ndoa na gitare ya kanisa ni vitu viwili visivyokutana. Waandike. Gazeti letu lina nafasi, na karatasi za stensili bado ziko. Waseme tu kwa sababu, si kwa kelele. Komite inakutana siku ya tano ya juma linalokuja. Wenye kuleta majina mengine wayalete mbele ya siku hiyo, kwa mukono wa chef wa darasa lao.

Doyen wa wanafunzi, darasa la mwisho